Tuombe au Tufanye Kazi? Maandiko Yanayoonekana Kupingana Kuhusu Kuomba Msaada wa Mungu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe, na kwa faida ya marafiki wanaotusaidia kwa sala na kwa mali zao.)



Kwa kawaida katika semina hizi tunazungumzia bajeti, taarifa za robo mwaka na utunzaji wa vitabu vya fedha. Leo tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likijitokeza kila tunapotembelea sharika. Katika kikao kimoja utamsikia mjumbe akisema, "Tusihangaike na barua za kuomba misaada, tumwombe Mungu, yeye ndiye mwenye fedha na dhahabu." Mwingine anamjibu, "Tumeomba miaka mitatu, sasa tufanye kazi." Wote wawili wana aya mkononi. Kikao kinakwisha saa kumi na mbili jioni, watu wanarudi nyumbani wamenuniana, na kisima bado hakijatengenezwa.

Hili si jambo dogo. Namna tunavyosoma aya hizi ndiyo namna tunavyoendesha miradi, tunavyowahudumia wagonjwa, na tunavyoongea na wale wanaotusaidia. Kwa hiyo tumeona tuzitazame aya zenyewe, mbilimbili, zile ambazo watu huzigonganisha.

Kwanza, tusiogope

Tukifungua Mithali 26, aya ya 4 inatukataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Aya ya 5, inayofuata hapo hapo, inatuagiza tumjibu. Aliyeziweka pamoja hakuwa amesinzia. Alijua kwamba kuna siku jibu linafaa na kuna siku kunyamaza kunafaa, na mwenye hekima ni yule anayetambua leo ni siku gani.

Ndivyo afanyavyo mganga wa zahanati yetu. Mgonjwa mmoja anamwambia anywe maji mengi, mwingine anamwambia apunguze. Hajipingi, bali ametazama ugonjwa. Basi kwa kila aya tujiulize: iliambiwa nani, na ilikuwa inatibu ugonjwa gani?

Kama Mungu anajua, kwa nini tuombe?

Katika Mathayo 6:7-8 Yesu anawaonya wanafunzi wasirundike maneno kama watu wa mataifa, kwa sababu Baba anajua mahitaji yao kabla hawajafungua kinywa. Lakini ukurasa mmoja mbele, Mathayo 7:7-8, anawaagiza waombe, watafute na wabishe hodi. Na katika Luka 18:1-8 anamsifu mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka akapata haki yake. Je, tuombe mara moja tunyamaze, au tuombe mpaka tusikiwe?

Tazameni vizuri ugonjwa unaotibiwa. Wale wa Mathayo 6 walidhani Mungu hasikii mpaka apigiwe kelele, kana kwamba maneno mengi ni malipo. Mjane wa Luka hakuwa na maneno mengi hata kidogo. Alikuwa na ombi moja, akalirudia kwa sababu shida yake ilikuwa bado ipo. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44). Kwa hiyo kurudia si kosa. Kosa ni kudhani kwamba sauti yetu ndiyo inayomwamsha Mungu. Tukumbuke pia kwamba Yesu hakusema Mungu anafanana na yule kadhi. Hoja yake ni kwamba ikiwa hata mtu mbaya kiasi kile hatimaye alitenda haki, Baba mwema atafanya zaidi sana.

Sisi Walutheri tuna msaada mwingine, nao upo katika Katekisimo Ndogo ambayo vijana wetu wa Kipaimara huisoma. Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Alipofika kwenye ombi la mkate wa kila siku, alieleza kwamba Mungu huwapa watu wote mkate, hata waovu, bila sisi kuomba. Tunaomba ili atufahamishe kwamba mkate huo umetoka kwake, nasi tuupokee kwa shukrani. Hivyo, sala haimpi Mungu habari mpya. Inatubadilisha sisi tunaopokea. Mtu aliyeomba mvua, ikanyesha, anavuna tofauti na yule ambaye mvua imemnyeshea tu. Anajua kwamba gunia lile si lake peke yake.

Mbona tuliomba hatukupewa?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Katika Yohana 14:13-14 Yesu anaahidi kutenda lolote litakaloombwa kwa jina lake. Yakobo 4:2-3 anasema tunakosa kwa kuwa hatuombi, kisha papo hapo anaongeza kwamba wengine wanaomba na bado wanakosa, kwa sababu wanataka kutumia kwa tamaa zao. Waswahili walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Yakobo anauliza: chungu hicho kinapikia nani? Kamati ikiomba gari la mradi, na kila mtu moyoni anajiona yeye ndiye amekaa kiti cha mbele, hapo Yakobo ametupata.

Lakini tusikimbilie kufunga hesabu hapo. Wako watu walioomba vizuri na hawakupewa walichoomba. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, akajibiwa kwamba neema inamtosha (2 Wakorintho 12:7-9). Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Nani kati yetu atasema Paulo alikuwa na imani haba? Nani atasema Yesu aliomba kwa tamaa? Kwa hiyo kuomba kwa jina la Yesu hakuwezi kuwa muhuri tunaougonga chini ya barua ili ilipwe. Ni kuomba kama alivyoomba yeye, ambaye alisema haja yake waziwazi, kisha akaiacha mikononi mwa Baba.

Tunasema hili kwa msisitizo kwa sababu ya wagonjwa. Katika huduma zetu za nyumbani tumewakuta akina mama na akina baba wanaotumia dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, ambao wameambiwa kwamba kuendelea na dawa baada ya kuombewa ni kukosa imani. Wengine wameacha. Anapodhoofika, wale waliomwombea wanasema imani yake ilikuwa ndogo. Hivyo mtu yule anabeba mizigo miwili, ugonjwa na lawama. Mwaka 2011 nchi nzima iliona maelfu kwa maelfu ya watu wakisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Hatukuja hapa kuwahukumu waliokwenda, maana maumivu humpeleka mtu mbali. Lakini wako wagonjwa walioacha dawa zao baada ya safari ile, na jambo hilo kanisa haliwezi kulifumbia macho.

Tunaomba kila kamati ishike hili: hakuna aya inayoturuhusu kumwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo. Marafiki wa Ayubu walijaribu maneno ya namna hiyo, na mwisho wa kitabu (Ayubu 42:7) Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Ziko sala ambazo hatujui kwa nini zilijibiwa vile zilivyojibiwa. Hapo kazi yetu ni kukaa na mwenye shida, kumletea uji, na kumsindikiza kliniki siku yake ikifika.

Sala au dawa? Sala au ulinzi?

Katika 2 Mambo ya Nyakati 16:12 mfalme Asa analaumiwa kwamba alipougua miguu aliwatafuta waganga, hakumtafuta Bwana. Aya hii hutumiwa sana kuwakataza watu hospitali. Lakini someni 2 Wafalme 20:1-7. Hezekia aliugua karibu ya kufa, akageukia ukutani, akaomba kwa machozi. Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Na baada ya jibu hilo nabii Isaya alifanya nini? Aliagiza mkate wa tini uletwe, ukabandikwa juu ya jipu. Sala ilikuwa imejibiwa tayari, na dawa ilibandikwa vilevile. Lawama ya Asa basi haikuwa juu ya waganga. Alilaumiwa kwa kumwacha Bwana, kama sura hiyohiyo inavyoonyesha alipotegemea mfalme wa Shamu badala ya Mungu.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishwa, lakini Luther alibaki kuwahudumia wagonjwa. Aliandika barua ndefu kuwajibu wachungaji waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Shauri lake lilikuwa kwamba mtu amwombe Mungu amlinde, kisha afukize nyumba, atumie dawa, na asiende mahali ambapo hahitajiki asije akaambukiza wengine. Lakini jirani akimhitaji, aende bila woga. Kwake yeye, anayedharau dawa anamjaribu Mungu. Katika miaka ya UVIKO-19 maneno hayo yalisomwa upya katika makanisa mengi duniani, na sote tunajua sababu.

Hali kadhalika katika Kutoka 14:15, Waisraeli wakiwa mbele ya bahari na jeshi la Farao nyuma yao, Mungu anamwuliza Musa kwa nini anamlilia, kisha anaagiza watu wasonge mbele. Na katika Nehemia 4:9 wajenzi waliomba, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Ndugu wajumbe, aya ile ina sentensi moja yenye mambo mawili, na hakuna hata moja lililomfukuza mwenzake.

Hapa tutoe angalizo. Usemi kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia haumo katika Biblia, ingawa tumeusikia hata mimbarani. Ni wa kale, ulianzia katika hadithi za Wayunani, na Benjamin Franklin wa Marekani aliuchapa katika kitabu chake cha kalenda cha mwaka 1736. Unaweza kumtia moyo mvivu, lakini ukimwambia mjane asiyeweza kuinuka kitandani, umemfungia mlango. Biblia inasema zaidi ya hapo: Mungu huwasaidia hata wasioweza kujisaidia, na mara nyingi anapotaka kufanya hivyo hututuma sisi.

Ezra, Nehemia na wafadhili

Sasa tunafika penye ubishi mkubwa wa vikao vyetu. Yeremia 17:5 anatamka laana juu ya anayemtegemea mwanadamu. Isaya 31:1 anawaonya wanaoshuka Misri kutafuta msaada. Je, tunapoandika andiko la mradi na kulituma kwa marafiki wa ng'ambo, tunashuka Misri?

Tazameni watu wawili waliosafiri njia moja, chini ya mfalme Artashasta. Ezra aliondoka katika mwaka wa saba wa mfalme huyo. Aliona haya kuomba askari na wapanda farasi, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Kwa hiyo wakafunga penye mto Ahava, wakaomba njia salama, na wakafika (Ezra 8:21-23, 31-32). Nehemia aliondoka katika mwaka wa ishirini wa mfalme. Yeye aliomba kwa Mungu, kisha akaomba kwa mfalme nyaraka za kupita na mbao za msitu wa mfalme, na akasafiri na maofisa wa jeshi na wapanda farasi (Nehemia 2:4-9). Mmoja alikataa walinzi, mwingine akawapokea. Biblia inawaheshimu wote wawili, na kila mmoja anasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa pamoja naye.

Tofauti iko wapi? Ezra alikuwa ametoa ushuhuda mbele ya mfalme, na kuomba askari kungeufanya ushuhuda ule kuwa maneno matupu. Nehemia hakuwa na kizuizi hicho. Tena msisahau, Ezra huyu aliyekataa askari alikuwa amebeba fedha na dhahabu zilizotolewa na mfalme na washauri wake (Ezra 8:25). Hakukataa msaada wa watu, bali alikataa ule ambao ungesema uongo juu ya Mungu wake. Na wale wa Isaya 31 walikuwa wanayatumainia magari na farasi wa Misri huku wakimwacha Mtakatifu wa Israeli. Kwa hiyo swali la kuuliza si "tumepokea kutoka kwa nani?" tu. Tuulize pia: tukiupokea msaada huu, utatufanya tuseme nini, na tunyamaze juu ya nini?

Luther, alipoorodhesha yaliyomo ndani ya mkate wa kila siku, hakutaja chakula na mavazi tu. Alitaja pia serikali njema, hali nzuri ya hewa, marafiki wema na majirani waaminifu. Basi rafiki anayetuma mchango kutoka mbali ni sehemu ya ombi tunalolitamka kila Jumapili. Lakini aliyetajwa pale ni rafiki na jirani. Hakutajwa kama Baba.

Mzigo na furushi

Wagalatia 6:2 inatuagiza kubebeana mizigo. Aya tatu mbele, Wagalatia 6:5, inasema kila mtu atachukua lake mwenyewe. Katika Kiyunani Paulo ametumia maneno mawili. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, phortion, ni mzigo wa kawaida ambao kila msafiri hubeba mwenyewe, na Biblia yetu ya Kiswahili imeliita furushi.

Tuliwahi kuukuta usharika mmoja ambao pampu yake ya mkono ilikuwa imelala zaidi ya nusu mwaka. Akina mama walikuwa wamerudi kuchota mtoni, wakigawana maji na ng'ombe. Kamati ilikuwa inakutana kila Jumatano kuombea maji, na barua ya kuomba mradi mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa. Fundi alipofungua pampu alikuta kimekufa kipuri kidogo cha mpira. Daftari la mfuko wa maji lilionyesha kwamba michango ilisimama zamani, tangu watu walipoanza kusema kwamba waliochimba watarudi kutengeneza. Kuchimba kisima kirefu katika mwamba ulikuwa mzigo, na ilikuwa haki kusaidiwa. Kipuri kile kilikuwa furushi. Mnada wa mazao ya sadaka baada ya ibada, wa Jumapili moja tu, ulitosha kukinunua. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka wananchi wa vijijini kubeba gharama za kuendesha na kutengeneza miradi yao, na tangu mwaka 2019 vyombo vya watumia maji vinasimamiwa na RUWASA. Hivyo Paulo na sera havipishani sana.

Lakini kosa la upande wa pili lipo pia. Kwingine kamati ilisimamia michango kwa ukali mpaka bibi mmoja anayelea wajukuu yatima akazuiwa kuchota, kwa kuwa hakulipa. Kwa majirani zake lile lilikuwa furushi. Kwa bibi yule ulikuwa mzigo. Kamati yenye busara haisomi aya moja kwa watu wote. Inatembelea nyumba, inaona, ndipo inaamua.

Neno kwa marafiki wanaotusaidia

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu, alisema anataka pawepo usawa: ziada ya hawa ijaze upungufu wa wale, na siku nyingine iwe kinyume chake (2 Wakorintho 8:13-15). Aliusafirisha pamoja na watu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu (8:18-21). Naye Ezra aliwapimia makuhani fedha na dhahabu kabla ya safari, na ikapimwa tena Yerusalemu, hesabu na uzito vikaandikwa (8:24-34). Waliofunga na kuomba ndio haohao walioshika mizani. Kwa hiyo, ndugu marafiki, mkiona tunawatumia risiti na taarifa, jueni kwamba hayo nayo ni sehemu ya sala yetu. Nasi tunawaomba msituone kama watu wa kupokea tu. Tuombeeni, nasi tutawaombea ninyi na sharika zenu, kwa majina na kwa mahitaji mtakayotuandikia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika jambo tunaloliombea sasa, ni sehemu ipi tunaweza kuitenda wiki hii, na ni sehemu ipi iko nje ya uwezo wetu kabisa?

2. Katika mradi wetu, kipi ni mzigo na kipi ni furushi? Je, kuna nyumba ambayo furushi la wengine kwake ni mzigo?

3. Je, kuna msaada ambao tukiupokea tutalazimika kunyamaza mahali tunapopaswa kusema?

4. Kuna mgonjwa katika usharika wetu ambaye amelaumiwa kwa kutopona? Nani atakwenda kumwona, na lini?

Ndugu wajumbe, mtakaporudi nyumbani, yule anayesema tuombe na yule anayesema tufanye kazi wapeni viti vya karibu. Mmoja afungue kikao kwa sala, mwingine ashike daftari, na mwezi ujao wabadilishane.